Gari imelala mvua nzima, sasa nyuma inalia: sikiliza kwanza, kiisha ufungue ponti

Mwezi wa 6 ukifika, mvua inapungua katika Kivu na barabara za udongo zinaanza kukauka. Ndio wakati ambapo Land Cruiser, Hilux na Land Rover za zamani, zilizokuwa zimelala nyuma ya nyumba miezi mingi, zinaamshwa. Batri inachajiwa, pine zinapigwa upepo, watoto wa mtaa wanasukuma, moteri inawaka. Patroni anafurahi, anahesabu tayari safari za kwanza.

Lakini gari ikifika tu kwenye kilometa ya pili ao ya tatu, sauti inatoka nyuma. Siku zingine ni vuuuu ya muda mrefu kama nyuki. Siku zingine ni gru-gru-gru kama jiwe la kusagia. Ao ni tok moja, kila mara shofere anapokanyaga na kuachilia mafuta.

Kwenye garaji, jibu linakuja mbiyo: "Patroni, ponti imekufa. Tafuta ingine." Ponti nzima ya okazio ni feza nyingi kwa mtu ambaye gari yake haijaingiza kitu tangu mvua ianze. Mwingine anauza mbuzi, mwingine anaingia deni. Kiisha ponti inabadilishwa, gari inatoka, na sauti iko pale pale. Kumbe ilikuwa inatoka kwenye rulema ya gurudumu, ao kwenye freni iliyoshikamana, ao kwenye pine tu.

Ndiyo maana wamekanisie wenye uzoefu wanafuata sheria moja: ponti ndiyo ya mwisho kufunguliwa, si ya kwanza. Unaanza na vitu vya bei ndogo na vya kuonekana kwa macho, unaendelea polepole mpaka kwa kile cha bei kubwa.

Kwa nini gari inaharibika ikiwa imelala tu?

Watu wengi wanafikiri gari inachoka kwa kutembea. Ni kweli, lakini inachoka pia kwa kusimama. Katika inchi za baridi za Ulaya, wenye magari ya zamani wanayalaza wakati wa baridi kali juu ya chumvi inayomwagwa barabarani. Wakiyaamsha, wanasikia sauti hizi hizi. Huku kwetu si baridi inayolaza gari. Ni mvua, barabara iliyokatika, pyesi iliyokosekana, ao usalama uliokuwa mbaya njiani. Chuma hakiulizi sababu.

Ndani ya ponti, mafuta hayajazi fasi yote. Yanakaa chini. Gari ikitembea, meno makubwa yanayachota na kuyarusha juu, kila kitu kinapata. Gari ikisimama miezi, mafuta yanateremka, na sehemu za juu za rulema na za meno zinabaki na utando mwembamba tu. Usiku hewa inapoa, asubuhi jua linapasha, na unyevu unashika kwenye chuma ndani, kama vile maji yanavyoshika chini ya kifuniko cha sufuria. Kutu inaanza, hasa fasi ambapo vipande vya rulema vinagusana na kikombe chake. Alama ndogo inabaki pale. Siku gari inatembea tena, kila mara kipande kikipita juu ya alama, sauti inatoka.

Kuna pia maji ya mto. Juu ya ponti kuna katundu kadogo ka kupumulia, ambako wamekanisie wanaita reniflari. Ponti ikiwa ya moto ikaingia ghafla katika maji ya baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta. Kama reniflari imezibwa na udongo, ponti inavuta kupitia kwenye spi, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Kinachoingia ni maji. Gari iliyovuka mto usio na daraja katika safari yake ya mwisho, kiisha ikalazwa bila kuangaliwa, imelala na maji ndani.

Freni nazo hazipumziki. Ukiacha freni ya mkono imevutwa miezi, garnitiri zinaweza kushikamana na tamburi kwa kutu. Na pine, kwa kubeba uzito fasi moja, zinafanya bapa upande wa chini.

Nyuma kuna vitu gani?

Ili kuelewa sauti, lazima kujua njia ya nguvu. Moteri na bwati ya vitesi vinazungusha kardani, lile bomba refu chini ya gari. Kila mwisho wa kardani kuna kruwazio, msalaba mdogo wa chuma unaoruhusu bomba kupinda. Kardani inazungusha pinyo, pinyo inazungusha kuroni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya ponti. Katikati ya kuroni kuna sateliti, meno madogo yanayoruhusu gurudumu moja kuzunguka mbiyo kuliko lingine kwenye kona. Kiisha fito mbili za chuma zinapeleka nguvu kushoto na kuume, na mwishoni kuna rulema za magurudumu.

Hesabu moja inasaidia sana. Katika Land Cruiser nyingi za kazi za familia ya 70, iliyoanza kuuzwa 1984, kuroni ina meno 37 na pinyo ina meno 9. Maana yake, gurudumu likizunguka mara 1, kardani inazunguka mara 4 na kidogo. Pine ya 7.50 R16 inatembea karibu metre 2 na nusu kwa kila mzunguko. Kwa hiyo gari ikienda kama mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kilometa 5 kwa saa, gurudumu linafanya mzunguko 1 karibu kila sekunde 2, lakini kardani inafanya mizunguko 2 na zaidi kwa kila sekunde 1.

Faida ni hii: muweke mtu atembee kando ya gari polepole na ahesabu. Kama tak-tak inakuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tafuta kwenye gurudumu: pine, tamburi, jiwe lililoingia. Kama inakuja mara nne hivi kwa mzunguko mmoja, tafuta kwenye kardani ao kwenye pinyo. Hesabu hiyo haiombi feza.

Kabla ya kutoka: macho na mikono

Anza gari ikiwa imesimama. Angalia pine zote mbili za nyuma: upepo, bapa, mpasuko, uvimbe. Bapa ya kulala inaweza kuisha yenyewe kiisha pine kupata moto kwa kilometa 20 ao 30. Ikibaki, ujue pine yenyewe imeharibika.

Angalia ndani ya magurudumu. Kama kuna alama ya mafuta inayoteremka kwenye pine ao kwenye bamba la freni, spi imepasuka ao imekauka. Hiyo haingojei, na sababu inakuja hapa chini.

Kiisha zuia magurudumu vizuri, lala chini, shika kardani kwa mikono miwili na uitikise. Kruwazio haipaswi kucheza. Kama kuna unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vyake, imekauka. Pampu ya grisi inaweza kumaliza kwi-kwi-kwi ile ambayo watu walidhani ni ponti. Kama inacheza, inabadilishwa. Bei yake haifanani hata kidogo na ya ponti.

Kwenye barabara: sauti inajibu maswali manne

Tafuta fasi tambarare, yenye watu wachache. Mtu mmoja anaendesha, mwingine anakaa nyuma kusikiliza. Sauti inasafiri kwenye chuma, na masikio ya aliye mbele yanadanganyika kwa urahisi.

Swali la kwanza: sauti inabadilika barabara ikibadilika? Kama inapungua ukitoka kwenye lami kuingia udongo laini, ao kinyume chake, shuku pine. Rulema na meno havijui barabara ni ya aina gani.

Swali la pili: inabadilika shofere akikanyaga na kuachilia mafuta? Vuuuu inayotoka wakati wa kukanyaga tu, ao wakati wa kuachilia tu, inaelekeza kwenye kuroni na pinyo, juu meno yanasukumwa upande mmoja wakati wa kukanyaga na upande mwingine wakati wa kuachilia. Kama sauti inabaki sawasawa, ukanyage ao usikanyage, na inapanda na mwendo tu, shuku zaidi rulema ya gurudumu. Tok moja wakati wa kubadilisha ni nafasi iliyozidi mahali fulani: mara nyingi kruwazio, mara zingine meno yaliyolika.

Swali la tatu: inabadilika kwenye kona? Gari ikipinda kushoto, uzito unahamia kuume. Kama gru-gru inaongezeka ukipinda kushoto, rulema ya kuume inalalamika. Kama kelele iko kwenye kona peke yake, na kwenye njia ya kunyooka ni kimya, angalia sateliti.

Swali la ine: inabaki ukitoa vitesi? Kwenye fasi tambarare, shofere anatoa vitesi na kuacha gari iteleze bila nguvu ya moteri. Sauti ikibaki, moteri na bwati ya vitesi vinatoka kwenye orodha. Jaribio hilo lisifanywe kamwe kwenye mteremko.

Kiisha kilometa 10 hivi, bila kukanyaga freni sana, simama na usogeze mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, polepole, juu chuma kinaweza kuunguza. Vyote viwili vinapaswa kuwa na joto linalofanana. Kimoja kikiwa cha moto zaidi, ama rulema inaumia, ama freni imeshikamana upande ule.

Kuinua gari

Hapa uangalifu ni lazima. Magurudumu ya mbele yanazuiwa kwa mbao ao kwa mawe mazito. Gari inainuliwa kwa kiriki, lakini haibaki juu ya kiriki: inalazwa juu ya shandeli ao juu ya magogo mapana yasiyoteleza. Hakuna anayeingia chini ya gari iliyoshikwa na kiriki peke yake. Matofali yanapasuka ghafla, yasitumiwe.

Nyuma ikiwa hewani na vitesi vimetolewa, zungusha gurudumu moja kwa mkono wa kuume, na uweke mkono wa kushoto juu ya risori, karibu na ponti. Rulema nzima inapita kimya, kama maji. Rulema iliyopata kutu inatetemeka, na mkono unaisikia kwenye risori hata kama sikio halisikii. Fanya vilevile upande wa pili na ulinganishe. Kulinganisha ndiyo siri.

Kiisha shika pine juu na chini, sukuma na uvute. Ikicheza na kufanya tok, rulema imelegea ao imelika. Na kama gurudumu halizunguki vizuri, linashikwa na kuachiliwa, fungua tamburi uone freni kabla ya kitu kingine.

Katika Land Cruiser nyingi za kazi, kitovu kinatokeza katikati ya gurudumu na kina duara la njugu. Ponti ya namna ile ina rulema mbili kila upande, zinazokazwa kwa njugu kubwa na kujazwa grisi. Mara zingine hazijafa: zimelegea tu, ao maji yaliosha grisi. Zinafunguliwa, zinasafishwa kwa mazutu, zinakaushwa na kuangaliwa kwenye mwangaza. Zikingaa kama kioo, zinarudishwa na grisi mpya na spi mpya. Zikiwa na vidoti, mistari myeusi iliyopangika ao rangi ya bluu ya kuungua, zinabadilishwa, rulema pamoja na kikombe chake. Kuweka rulema mpya katika kikombe cha zamani ni kutupa feza.

Katika Hilux nyingi, rulema imebanwa kwa nguvu kwenye fito yenyewe. Inatolewa na kuingizwa kwa mashine ya kubana, si kwa nyundo. Rulema iliyopigwa nyundo inaanza kulia kabla ya kufika mbali.

Mafuta yanaeleza mengine

Kama magurudumu, freni na kardani ni salama, sasa ni zamu ya ponti. Hata hapo haifunguliwi bado. Mafuta kwanza.

Fungua bushoni ya juu, ile ya kujazia, kabla ya ile ya chini. Sababu ni nyepesi: bushoni iliyokaa miaka inaweza kukataa kabisa. Ukiwa umekwisha kumwaga mafuta, na ya juu ikakataa, gari haina tena namna ya kujazwa na haitoki pale.

Mwaga mafuta katika beseni safi nyeupe. Yakiwa rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yaliingia. Yakinuka kuungua na yakiwa machache, ponti ilifanya kazi ikiwa na njaa. Kiisha pitisha sumaku, hata ile ya haparleri ya radio iliyokufa, ukiwa umeifunga katika kifuko. Ukipata uji mwembamba wa kijivu, ni kulika kwa kawaida. Ukipata vipande vinavyoonekana ao vinavyochoma kidole, kitu kinavunjika ndani, na gari isitembee tena mpaka ifunguliwe.

Kama hakuna vipande, jaza mafuta mapya ya ponti, SAE 90 ao 80W-90 yenye alama GL-5, mpaka yafike kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Mafuta ya moteri hayafai: meno ya ponti yanasuguana kwa nguvu sana na yanahitaji mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi ile. Safisha reniflari. Tembea kilometa chache, mwaga tena kama mafuta ya kwanza yalikuwa na maji, na usikilize. Sauti ndogo ya kutu ya juu juu inaweza kupungua. Lakini isipopungua, ao ikiongezeka, usijidanganye. Na yule anayetia vumbi la mbao ao ndizi ndani ya ponti ili isilie, anamfungia muuguzi mdomo tu, mgonjwa hajapona.

Kama ni ponti kweli

Basi mambo mawili ya kujua kabla ya kutoa feza. La kwanza: kuroni na pinyo ni mapacha. Zinatengenezwa na kulinganishwa pamoja, na hazibadilishwi moja moja. Atakayekuuzia pinyo peke yake anakuuzia sauti mpya.

La pili ni kwa wale wa magari yanayovuta mbele na nyuma. Ponti ya okazio lazima iwe na hesabu sawa na ya mbele. Gari yenye 37 kwa 9 mbele haipaswi kupewa hesabu ingine nyuma. Ukitia magurudumu yote manne kuvuta kwenye fasi kavu, mbele na nyuma zitashindana, na bwati inayogawa nguvu inaweza kupasuka. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hesabu meno ya kuroni, hesabu meno ya pinyo, andika kwenye karatasi na ulinganishe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa nini isipuuzwe

Mwingine atasema: sauti haizuii gari kutembea. Kwa siku chache ni kweli. Lakini nyuma ya gari hizi kuna watu, wamekaa juu ya mifuko ya unga na ya makala, na njia zetu ni za milima. Anayeteremka Ngomo kwenda Kamanyola, ao Kabasha kwenda upande wa Kiwanja, anategemea freni zake kwa kila kona.

Spi iliyopasuka inaacha mafuta ya ponti yaingie kwenye garnitiri. Garnitiri yenye mafuta haishiki. Gurudumu moja linafunga freni, lingine halifungi, na gari inavutwa pembeni. Katika ponti ya namna ya Hilux, rulema ndiyo inayozuia fito isitoke. Ikivunjika kabisa, fito inaweza kutoka pamoja na gurudumu lake. Gru-gru ile ya kwanza ilikuwa onyo.

Kabla ya kuilaza tena

Mvua itarudi mwezi wa 9. Anayejua gari yake italala anaweza kujiepusha na mengi. Mafuta ya ponti yabadilishwe kabla ya kulaza, si kiisha kuamsha, ili maji na uchafu visikae ndani miezi yote. Grisi iingizwe kwenye kruwazio. Pine zijazwe vizuri, ao gari iwekwe juu ya magogo imara. Freni ya mkono iachwe bila kuvutwa, na magurudumu yazuiwe kwa mbao. Kila wiki mbili, kama hali inaruhusu, gari itembee mpaka ipate moto vizuri. Kama haiwezi kutoka, izungushwe angalau magurudumu kwa mkono, ili mafuta yapande tena juu ya meno na rulema.

Na siku mekanisie atakaposema "ponti imekufa", patroni anaweza kumuuliza kwa heshima: "Fundi, umezungusha magurudumu kwa mkono? Umeona mafuta yake? Umetikisa kardani?" Kama majibu ni ndiyo, na vipande vya chuma viko katika beseni, basi atafute feza. Kama ni hapana, kiriki ianze kazi kwanza.